Ndege ya MH370: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na kipande kilichookotwa Pemba

Kila Machi ikifika, simu yangu hujaa picha zilezile za MH370, ndege ya Malaysia iliyopotea mwaka 2014: ndege imekaa msituni, ndege nzima chini ya bahari, ndege imefichwa kwenye kisiwa cha jeshi. Zinatoka kwenye magrupu ya familia, ya wazazi wa shule, hata grupu la harusi lililosahaulika kufungwa. Mimi ni mzaliwa wa Dar es Salaam na wazee wangu ni Wapemba, kwa hiyo jambo hili halijawahi kuwa habari ya mbali kwangu. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa sana, kwenye kahawa Kariakoo, kwenye boti ya Zanzibar na msibani. Nimeyajibu kwa kufuata ripoti za uchunguzi. Penye dhana nitasema ni dhana.

Kwani usiku ule kulitokea nini hasa?

Ndege ilikuwa Boeing 777 ya Malaysia Airlines, usajili wake 9M-MRO, ikitoka Kuala Lumpur kwenda Beijing na watu 239: abiria 227 na wafanyakazi 12. Zaidi ya nusu ya abiria walikuwa Wachina. Kwa saa za huko iliondoka saa sita na dakika 42 usiku wa kuamkia Jumamosi, 8 Machi 2014. Kwa saa zetu ilikuwa bado Ijumaa, saa moja na dakika 42 usiku, watu wa Dar wako kwenye foleni wanarudi nyumbani.

Dakika 37 baadaye sauti kutoka kwenye ndege iliwaaga waongoza ndege wa Kuala Lumpur kwa usiku mwema na kutaja namba ya safari. Hayo ndiyo maneno ya mwisho kusikika. Dakika mbili zikapita, ikapotea kwenye skrini za waongoza ndege, mahali ambapo Malaysia inaikabidhi ndege kwa Vietnam. Ukitaka kupotea bila mtu kushtuka upesi, hapo ndipo penyewe: huyu ameshaaga, yule hajapokea. Vietnam waliuliza ndege iko wapi baada ya dakika kama 18, na kituo cha uokoaji cha Kuala Lumpur kilianza kazi rasmi saa kumi na moja na nusu alfajiri ya huko. Saa nne zilikuwa zimekwenda.

Ndege kubwa vile inapoteaje kwenye rada?

Rada za waongoza ndege wa kiraia hutegemea zaidi ndege yenyewe ijitambulishe. Kuna kifaa, transponda, kinachojibu: mimi ni fulani, niko kimo fulani. Kikizimwa au kikiharibika, jina linafutika kwenye skrini. Rada za jeshi ni jambo jingine, zenyewe huona chuma chochote kinachoakisi mawimbi, na rada ya jeshi la Malaysia iliiona. Ndege iligeuka, ikakata rasi ya Malaysia kurudi magharibi, ikapita karibu na Penang, ikaelekea kaskazini-magharibi juu ya Mlango wa Malaka. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa saa tatu na dakika 22 usiku kwa saa zetu. Hakuna aliyerusha ndege kwenda kuiangalia, na kwa siku kadhaa meli ziliendelea kutafuta upande wa pili kabisa, Bahari ya China Kusini.

Kama rada ziliipoteza, walijuaje kwamba iliendelea kuruka?

Hapa naomba usome polepole, maana uvumi mwingi unakufa kwenye swali hili.

Ndege ilikuwa na chombo cha mawasiliano ya setilaiti. Hata kama hakuna anayepiga simu wala kutuma ujumbe, kituo cha ardhini cha Perth, Australia, kilikuwa kikipiga hodi kupitia setilaiti ya Inmarsat kama mara moja kwa saa, na chombo kwenye ndege kinaitika: nipo. Hodi hizo hazina habari ya mahali. Lakini zina mambo mawili ndani yake.

La kwanza ni muda. Mawimbi yakichelewa kurudi, ndege iko mbali na setilaiti, yakiwahi, iko karibu. Kwa hiyo wanapata umbali bila upande. Mtu akikwambia yuko kilomita kama 15 kutoka Posta, anaweza kuwa Kimara, anaweza kuwa Mbagala, anaweza kuwa baharini juu ya mashua. Unachopata ni duara. La mwisho kati ya maduara hayo waliliita tao la saba, linaloanzia Asia ya Kati hadi kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi.

La pili ni mlio. Simama Barabara ya Morogoro ambulensi ikipita: king'ora kikija kwako kina sauti nyembamba, kikikuacha kinakuwa kizito. Mawimbi ya redio hubadilika vivyo hivyo. Wahandisi walipoyapima wakaona yanakubaliana na ndege inayokwenda kusini, na upande wa kaskazini haukubali. Tarehe 24 Machi 2014 Waziri Mkuu wa Malaysia wakati huo, Najib Razak, akatangaza kwamba safari iliishia kusini mwa Bahari ya Hindi.

Hodi ya mwisho ilikuwa saa tisa na dakika 19 usiku kwa saa zetu, na safari hii ndege yenyewe ndiyo iliyobisha. Chombo kilikuwa kinaomba kuunganishwa upya, kama kinavyofanya umeme ukikatika na kurudi. Ndege ilikuwa imeruka saa saba na nusu na ushei, na mafuta yake yalikuwa ya muda kama huo. Injini zikizima umeme hukatika, kisha jenereta ndogo ya mkiani huwaka yenyewe kwa muda mfupi. Hesabu inakaa.

Ni kweli kipande kiliokotwa Pemba?

Ni kweli, na inaniuma jinsi watu wengi wa hapa hapa Dar wasivyojua. Wanajua picha za msituni, hawajui kipande kilichofika kwao.

Juni 2016 wenyeji wa Pemba walikuta kipande kikubwa ufukweni. Kilikuwa sehemu ya kibawa cha nyuma ya bawa, kile kinachoshushwa ndege inapotaka kutua. Kilipelekwa Canberra kwa wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Australia. Walikuta namba za vipuri za Boeing 777, na muhuri wa tarehe 23 Januari 2002. Ndege yenyewe ilikabidhiwa kwa shirika mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Kulikuwa pia na namba za utengenezaji, na kiwanda cha Italia kilichokiunda kilitoa kumbukumbu zake, zikaonyesha kipande kilifungwa kwenye ndege ileile. Septemba 2016 wakatangaza kwamba ni cha bawa la kulia la 9M-MRO, bila shaka yoyote.

Na kipande hicho kilisema kitu. Ukisoma michubuko ya ndani, pale kibawa kilipogongana na sehemu za jirani, unaona kwamba wakati wa kuvunjika kibawa kilikuwa hakijashushwa, kwa uwezekano mkubwa. Rubani anayetua juu ya maji kwa utaratibu hukishusha. Kwa hiyo ile picha ya ndege iliyolala nzima chini ya bahari kama imeegeshwa haina pa kusimama. Ushahidi huu uliletwa na maji hadi Pemba, ukaokotwa na watu ambao wangeweza kuugeuza ubao wa kukalia au paa la banda. Hawakufanya hivyo. Wakitajwa mashujaa wa habari hii, nawataja hao kwanza.

Kitu kitaeleaje kutoka Australia hadi Pemba?

Muulize mvuvi yeyote wa Feri, hatashangaa. Eneo linalodhaniwa liko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Pemba. Kuanzia 8 Machi 2014 hadi Juni 2016 ni miaka miwili na miezi mitatu. Ukipiga mstari mnyoofu ni kama kilomita 8 kwa siku. Mashua mbovu isiyo na tanga hufanya hivyo.

Maji ya kusini mwa Bahari ya Hindi huzunguka. Yakipanda kutoka upande wa Australia hushikwa na mkondo mkubwa unaokwenda magharibi chini ya ikweta. Ukifika Madagaska mkondo hugawanyika. Tawi moja linashuka Msumbiji na Afrika Kusini, jingine linapanda kwetu, likipita Mtwara, Mafia na Unguja kwenda kaskazini. Wakati wa kusi tawi hilo hupata nguvu, kwa sababu upepo na maji vinakwenda njia moja. Kipande cha Pemba kilionekana Juni, kusi imekolea.

Tena mkondo huu tunaujua kwa machungu. Juni 2009 ndege ya Yemenia ilianguka karibu na Komoro ikiwa na watu 153, na binti mmoja tu akapona. Siku chache baadaye miili ya waliokufa ilionekana Mafia.

Vipande vingine viko wapi?

Cha kwanza kilionekana kisiwa cha Réunion, 29 Julai 2015. Vingine vikaokotwa Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska, Morisi na Rodrigues. Vitatu vilithibitishwa moja kwa moja: cha Réunion, cha Pemba na kimoja cha Morisi. Vingine viliwekwa kwenye daraja la "karibu hakika" au "inawezekana sana". Mmarekani Blaine Gibson alizunguka fukwe zetu za Afrika Mashariki na Kusini kwa gharama yake na kupata kadhaa. Desemba 2016 ndugu wa abiria wenyewe walikwenda Madagaska kutembea ufukweni na kuwaonyesha wavuvi picha. Hebu fikiri mama wa Beijing akitafuta mabaki ya ndege ya mwanawe kwenye mchanga wa watu asiojua lugha yao.

Si ajabu vipande hivyo viliwekwa na watu ili kutupoteza?

Nani angevipanda? Angehitaji kipande halisi cha ndege ileile chenye namba zake za kiwandani, akivunje kwa namna inayokubaliana na ajali, akiache baharini muda wa kutosha kuotwa na viumbe wa majini, kisha akitupe mahali ambapo mkondo ungekileta, kwa mwezi unaofaa, kwenye nchi sita tofauti. Baada ya hapo awategemee wavuvi wasioijua mipango yake. Sioni mtu huyo.

Na Diego Garcia? Wamarekani si wanajua?

Hili ndilo linalopendwa kuliko yote hapa Dar, kwa sababu kisiwa kiko kwenye bahari yetu, kina jeshi la Marekani, na wenyeji wake Wachagos walihamishwa kwa nguvu. Dhuluma ile ni ya kweli na watu wana haki ya kutowaamini waliohusika. Lakini kutoaminika hakugeuki kuwa ushahidi wa jambo lingine. Tao la saba halipiti Diego Garcia. Na kama ndege ilitua pale ikiwa nzima, bawa lilivunjikaje likaja Pemba?

Kuna wakazi wa Maldivi waliosema waliona ndege ikipita chini asubuhi ile. Siwaiti waongo. Waliona ndege, lakini umbali na saa havikubaliani na mafuta na hodi za setilaiti.

Nasikia ndiyo ileile iliyotunguliwa Ukraine.

Hapana. Ile ilikuwa MH17, 17 Julai 2014. Ni shirika lilelile na aina ileile ya ndege, lakini ndege nyingine, watu wengine na maziko yao.

Rubani alifanya makusudi?

Hapa nitakwenda taratibu, maana tunazungumzia maiti asiyeweza kujibu, na ana familia.

Kinachojulikana: ndege iligeuzwa, na ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 inasema kugeuka kule kulifanywa kwa mkono, si kwa mtambo unaojiendesha. Mawasiliano yalikatika pale palipo pazuri zaidi kukatika. Kapteni Zaharie Ahmad Shah alikuwa na kompyuta ya kujifunzia urushaji nyumbani kwake, na ndani yake zilipatikana nukta zilizofika kusini mwa Bahari ya Hindi. Hayo si madogo na sitayaficha.

Kinachojulikana pia: wachunguzi walipekua maisha yake, afya, fedha na mwenendo, hawakuona dalili ya mtu aliyebadilika. Hawakuweza kusema nani alikuwa kwenye usukani, wala kuondoa uwezekano wa mtu wa tatu kuingilia. Hitimisho lao baada ya kurasa karibu 500 ni kwamba hawawezi kubainisha sababu.

Wengi wenye ujuzi wanaegemea kwenye tendo la binadamu, na mimi naona mgeuko ule ni mgumu kuueleza vinginevyo. Lakini kutoka "mtu aligeuza" hadi "fulani aliua" kuna hatua ambayo ushahidi haujaivuka. Nikiwa mbele ya mtoto wa marehemu yule, nisingethubutu kuivuka.

Wale wawili wa pasi za kuibwa je?

Walikuwa vijana wa Iran waliotumia pasi za Mwitaliano na Mwaustria wakitafuta hifadhi Ulaya. Hakuna kilichowahusisha na ugaidi.

Simu za abiria ziliita siku kadhaa baadaye. Walikuwa hai?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na nalielewa. Mlio unaousikia wewe unayepiga hautoki kwenye simu ya mwenzako. Mtandao unaweza kukupa mlio ukiwa bado unamtafuta, hasa simu inapovuka kutoka nchi hadi nchi. Kuna jambo moja la simu lililothibitishwa: simu ya rubani msaidizi Fariq Abdul Hamid iligusa mnara wa Penang ndege ilipopita pale. Hakuna maongezi, simu ilijitambulisha tu kwa mnara.

Inaweza kuwa moto?

Mizigoni kulikuwa na kilo 221 za betri za lithiamu, pamoja na tani zaidi ya nne za matunda ya mangosteni. Betri za aina hiyo zimewahi kuunguza ndege. Ugumu wangu ni huu: moto mkali wa kunyamazisha mitambo yote halafu ukaiacha ndege iruke saa karibu saba zaidi, huku chombo cha setilaiti kikizimika na kurudi saa tatu na dakika 25 usiku kwa saa zetu, ni moto wa ajabu. Haukukatazwa kabisa, lakini siwezi kuuegemea.

Mbona ya Bukoba ilionekana papo hapo?

Ile ya 6 Novemba 2022 ilianguka Ziwa Victoria ikijiandaa kutua, watu wakiiona, na wavuvi wakafika na mitumbwi. Katika watu 43 walikufa 19. Hii nyingine ilianguka mahali pasipo kisiwa wala meli, maji yana kina cha kilomita 4 na zaidi, na chini kuna milima na makorongo. Awamu ya kwanza ya kutafuta chini ya bahari ilipekua kilomita za mraba 120,000, eneo la mkoa wa Dar es Salaam mara zaidi ya 80, ikasimamishwa Januari 2017. Kampuni ya Ocean Infinity ikapekua zaidi ya 112,000 nyingine mwaka 2018. Hakuna kitu.

Kisanduku cheusi kitakuwa kimeoza?

Si lazima. Ndege ya Air France iliyoanguka Atlantiki 1 Juni 2009 ilikaa chini ya kilomita karibu nne za maji kwa miaka miwili, visanduku vikatolewa 2011 na kusomeka. Kinachokufa mapema ni kile kifaa cha mlio kinachosaidia kukitafuta. Betri yake wakati ule ilidumu siku 30, na betri ya kisanduku cha data cha MH370 ilikuwa imepitwa na muda tangu Desemba 2012. Hilo limo kwenye ripoti, na kila nikilisoma nasimama kidogo.

Tukikipata, cha sauti kitatupa saa mbili za mwisho tu. Dakika za mgeuko huenda zilishafutwa na ukimya uliorekodiwa juu yake. Cha data kinahifadhi saa 25, hicho ndicho cha kutumaini.

Bado wanatafuta?

Machi 2025 Malaysia iliingia mkataba mpya na Ocean Infinity kwa eneo la kilomita za mraba 15,000: wakipata, wanalipwa dola milioni 70, wasipopata, hawapati hata senti. Kazi ilisimama Aprili kwa sababu ya msimu mbaya wa bahari, na Desemba 2025 serikali ikatangaza kuirejesha mwishoni mwa mwezi.

Je, leo ndege inaweza kupotea hivyo?

Ni vigumu zaidi. Tangu 2018 kanuni za kimataifa zinadai ndege kubwa ikiwa juu ya bahari ijulikane ilipo kila dakika 15, na ndege mpya zinatakiwa kujitangaza zenyewe kila dakika zikiwa hatarini. Betri za mlio sasa ni za siku 90.

Kuna ubaya gani kukisia? Ni maongezi tu.

Kukisia si kubaya. Wachunguzi wenyewe walikisia, kisha wakapima. Ubaya ni kumtumia mtu uvumi wenye sura ya habari, bila kujua nani ataufungua.

Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikienda Pemba. Kwetu wapo ambao hawakuletewa mwili. Tulisoma hitima bila kaburi. Kwa miaka, kila aliyesema "nasikia kuna walioonekana Mombasa, wako hospitali hawajitambui" alimwamsha shangazi yangu usiku, akatafuta nauli. Alikwenda mara mbili. Familia za MH370 zinaishi hivyo tangu 2014, na video ya ndege ikimezwa na mianga huwafikia wao pia.

Nikiokota kitu kama kipande cha ndege nifanye nini?

Kivute juu maji yasikirudishe, usikisugue wala kukikwangua viumbe waliogandia, maana umri wao husaidia kujua kimekaa majini muda gani. Vipande vya ndege mara nyingi ni vyepesi kuliko vinavyoonekana, na vikivunjika huonyesha ndani vijumba vidogo kama sega la nyuki. Tafuta namba zilizopigwa mhuri, zipige picha pamoja na mahali ulipokiona, andika tarehe na kama maji yalikuwa bamvua au mafu. Kisha peleka taarifa serikali ya mtaa au kwa sheha, polisi, au Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ukikikuta kimeshafanywa mlango wa banda la mtu, usimgombeze. Mwombe tu akuruhusu utazame upande wa ndani.